Hapana Mtu

Nyuma ya picha, kwa penseli iliyochoka:
"Kwa Laust, nyikani, Jutlandi. Agosti. Hapana mtu."
Mwandiko wa Severin Holck, mpiga picha,
aliyekuja na mkokoteni, hema jeusi, chupa za dawa,
akaondoka, nadhani, kabla ya chakula cha jioni.

Hapana mtu. Naivuta taa.

Mbingu ni nyeupe kama shuka ya hospitali,
lakini usiseme kulikuwa na mawingu:
mabamba ya zamani hayakuijua buluu,
yaliimeza yote, yakatema uwazi.
Huenda siku ile mbingu ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Chini yake nyumba, ezeko la matete
limeshuka hadi masikioni.
Matofali ya mboji yameanikwa safu safu,
ndizo kuni za nchi isiyo na miti.
Farasi ana miguu minne, ana mkia, hana kichwa.
Henning, mwenzangu wa ghalani, hucheka kila mara:
alikuwa akifukuza nzi tu!
Sekunde ishirini bamba lilikaa wazi;
kilichotulia kikabaki,
kilichohangaika kikapita kama hakikuwapo.

Ndiyo maana kizingiti nakijua ufa kwa ufa,
na mitalawanda miwili mlangoni,
mmoja umelala ubavu,
naihesabu misumari yake.

Na pale kisimani, kando ya mti wa kutekea,
kuna ukungu. Si mkubwa. Kimo cha mwanamke.
Henning anasema: dawa ilimwagika.
Nasema: dawa haina kiuno.
Umeanza mnene chini, umebanwa katikati,
kisha unajirudia upande wa kulia, hafifu,
mara tatu, pengine nne,
kama mtu anayeinama na kuinuka na kuinama.

Labda Severin alipaza sauti: Tulieni!
Jiwe likatulia. Kiatu kikatulia.
Lakini ndama ana kiu,
na kamba ikifika nusu ya njia huiachii.

Daftari la kanisa lamtaja Maren, binti wa Laust,
na mjakazi mmoja, jina la baba hakuna.
Nilitaka awe Maren.
Ila mitalawanda iko mlangoni,
na aliye kisimani, naapa, yuko pekupeku.

Penseli laini, kama kanuni inavyotaka.
Maneno ya Severin sikuyagusa. Chini yake niliandika:
"Yupo. Anateka maji."
nikaweka na alama ya kuuliza.
Henning alipotoka kwenda kula, niliifuta.