Taa ya Dirisha la Tatu

Tampere, Desemba, theluji imefika vizingitini,
jua linachungulia saa nne na kuaga saa tisa,
nasi wawili chini ya ngazi, nyumbani kwa kina Ismo:
kompyuta moja, kaseti moja, blanketi moja,
tukingoja dakika kumi na mbili mchezo ufunguke
kwa ile sauti ya nyuki waliofungiwa koponi.

Ulikuwa mchezo wa tarishi.
Kimtu cha nukta arobaini, kofia nyekundu,
kinapita mitaa sita, kinakwepa mbwa, kinaruka madimbwi,
kinasukuma bahasha milangoni. Basi.
Ila mtaa wa tano, ghorofa ya juu, dirisha la tatu,
taa ilikuwa ikipepesa.
Mara saba. Kimya. Mara mbili.
Kisha giza, mpaka uanze upya.

Fumbo mfumbie mjinga, wamesema wahenga.
Wahenga hawakumwona Ismo na daftari lake la hesabu
lenye ramani za mitaa upande ambao mwalimu hafunui.
Akasema saba na mbili ni ukurasa wa kitabu cha simu.
Tukapiga namba ya mwisho ya ukurasa wa sabini na mbili;
akapokea mama mmoja wa Lielahti,
samaki wakichatata nyuma yake kikaangoni,
akatuuliza kama wazazi wetu wanajua bei ya simu.

Baadaye, kwa sauti ya chini, akasema tarishi ni maiti.
Fikiria: hakuna anayemfungulia.
Hakuna anayemwamkia.
Mbwa tu ndio wanaomwona.
Usiku ule nilirudi nyumbani nikikimbia,
na mbwa wa jirani aliponibwekea
nilimshukuru.

Majira yote ya baridi alimgongesha tarishi ukutani,
tofali kwa tofali, akitafuta lililo laini.
Kidole gumba kilimwota sugu.
Ukuta haukusema kitu. Ismo akaandika:
*haujasema bado.*

Siku hizi anang'oa meno ya watu Kuopio.
Barua zangu humfikia, nadhani. Majibu hayaji.

Mwaka jana, kwenye soko la mitumba la Tammela,
nyuma ya meza ya nyaya zilizofumana kama tambi,
nilimkuta Kauko Vesterinen,
jina lililokuwa chini ya skrini, kwa herufi za njano.
Nikanunua waya nisiouhitaji ili nipate la kusema.
"Taa gani?" akauliza.
Nikamweleza. Akacheka hadi kahawa ikamwagika mkononi.
"Kijana, mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko kuku.
Hesabu ya mbwa niliihifadhi palipokuwa na rangi ya kioo.
Mbwa mmoja akigeuka, dirisha linawaka mara moja.
Ni kosa langu tu. Sikuwa na muda wa kulirekebisha."

Miaka thelathini na tano ya nadharia,
kumbe mbwa.

Nikakunja waya wangu, nikajiona mzee kuliko yeye.
Nilikuwa nimeshapiga hatua nne au tano aliponiita.
"Umesema inapepesa mara ngapi?"
"Saba. Kimya. Mbili."
Akahesabu kwa vidole, akarudia, midomo ikicheza.
"Mtaa ule," akasema polepole, "mbwa walikuwa wanne."
Akaweka kikombe chini.
Akaanza kukunja kitambaa cha meza,
na saa sita ilikuwa haijagonga,
na wateja walikuwa bado wamesimama.

Ikiwa umefika hapa, weka koleo lako kando.
Sitakueleza aliyonieleza yule mzee kwa kunyamaza.
Mlango upo. Nimeuacha ukingoni, upande wa kushoto.
Ona kama tulivyoona zamani: kutoka juu, kwenda chini.