Fomu, Sehemu ya Pili

"Jina la mwajiri?" anauliza karani wa Leba, Tononoka.
Ngumbao anatoa simu, anaiweka mezani
kama aliyeleta shahidi bubu.
"Huyu."

Tangu Ijumaa simu hiyo haimjui.
Biriani ya Likoni ilifika imepoa;
ramani yao iliandika dakika tisa,
haikujua kuna maji, kuna feri,
kuna kusimama na sanduku mgongoni
watu wakinusa wasichokula.

"Mkataba unasema wewe ni mshirika."

Mshirika wa nini? Mafuta yangu, tairi langu,
goti hili lililochunika Buxton, langu.
Wao wana asilimia.

Sheria, anasema karani, ingali Nairobi, inasomwa.
Anatafuta kisanduku cha kutia alama.
Hakuna.
Anachora kimoja kwa kalamu,
pembeni,
kimepinda.