Baki Moja

Mchungaji Kasubi aliuliza tahajia mara mbili.
"Abi… kisha?"
Baba akamtamkia polepole, kama anayehesabu noti za mwenzake:
A-bi-a-tha-ri.
Kwenye cheti cha ubatizo, Sikonge, herufi ya tatu ina doa,
la wino au la asali. Miaka hamsini sasa, sijaamua.

Nyumbani nilikuwa Shija, afuataye pacha.
Kulwa na Doto walinitangulia kuja,
wakanitangulia kuondoka:
surua, juma moja, wodi moja, shuka moja.
Mama akawafuata kabla masika hayajakatika.
Mimi nilitoka vipele kama wao
na vikakauka, hakuna ajuaye kwa nini.

Shule ya Jumapili, Bi Kalunde alituandikia ubaoni
maana za majina ya makuhani.
Eleazari, Mungu amesaidia.
Zakaria, Bwana amekumbuka.
Sadoki, mwenye haki.
Akafika kwangu: Abiathari, baba wa wingi.
Wenzangu walicheka hadi benchi likalia.
Walishakula kwetu, waliujua wingi wetu:
sahani mbili, zinaoshwa kwa zamu.

Nikamchukia baba kwa jina lile.

Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha wafuga nyuki.
Wingi alioufahamu ulikuwa wa watu:
debe la huyu, ndoo ya yule, nta kando.
Usiku aligawanya malipo kwa penseli ya sikioni,
na hesabu ikikataa kuisha
aliandika pembeni, kwa mwandiko mdogo, *baki moja*,
akaizungushia duara
kana kwamba ingetoroka.

Kisa chenyewe nimekisoma kuliko inavyofaa.
Nobu, mji wa makuhani.
Themanini na watano wavaao naivera ya kitani,
siku moja, kwa ajili ya mikate na upanga
na ulimi wa mtu wa mifugo ya mfalme.
Kisha mstari mwembamba kama mlango wa mzinga:
mwana mmoja akaokoka.
Alikimbia na naivera mkononi.
Haikuandikwa kama alilia.
Uzeeni akafukuzwa, nenda Anathothi, shambani kwako,
unastahili kufa, ila sitakuua leo.
Hata yule mfalme wa pili alimgawanya, akabaki.

Nilikuwa na miaka thelathini, stesheni ya Tabora,
treni ya Mpanda imechelewa tangu jana,
mwalimu mmoja wa chuo cha Biblia akila karanga kando yangu
aliponiuliza jina, akaacha kutafuna.
"Shina lake lina makali kuwili," akasema.
"Kinachofurika chomboni,
na kinachosalia chombo kikishamwagwa:
Waebrania wanatumia neno lilelile."
Akanimiminia karanga zilizobaki kiganjani.

Tiketi ya Mpanda nikaiuza.
Nikaipeleka habari ile Sikonge kwa basi la asubuhi,
nimeishika kama yai.

Baba alikuwa akisuka kamba ya mzinga.
Nikamweleza shina, irabu, makali kuwili.
Akasuka. Akafika mwisho wa kamba, akapiga fundo.
"Kiebrania sikijui," akasema.
"Usiku ule nilifungua Biblia
ili nisitazame kitanda cha wenzio.
Nikaona, mmoja akaokoka. Nikatafuta anaitwa nani.
Kisha nikakuwekea kidole puani
nione kama bado."

Hakumaliza. Sikumwomba amalize.

Jua lilipozama tukaingia porini, yeye na moshi, mimi na ndoo.
Akakata masega matano, la sita akaliacha.
"Na hilo?"
"La wenyewe."
Akaziba mzinga kwa gome, akashuka akinishika bega.
Njia nzima ya kurudi ndoo ilikuwa imejaa mno,
ikinidondokea kwenye kifundo cha mguu,
na nyuki mmoja, sijui alitokea wapi gizani,
akatufuata hadi mlangoni.