Karibu Bila Hodi

Kinaenea kiganjani kama kipande cha sabuni,
kitaa chake cha kijani kikikonyeza usiku kucha
kati ya dawa ya kupe na mbegu za sukuma wiki
dukani kwa Roselida Apondi, Ahero, ng'ambo ya kinu cha mpunga.

Aliniita kwa sababu bando haifiki Jumatano.
"Ninakamuliwa," alisema, "na simwoni anayekamua."

Nikaketi nje, mgongo ukutani,
pale vijana wa boda wanapongojea abiria wakizichekea simu,
nikajaribu neno la siri la kiwandani:
moja, mbili, tatu, mpaka nane.
Kikafunguka. Hata jina hakikuniuliza.

Lakini huo ni uzembe tu, na uzembe una dawa.
Nikabadilisha neno, nikajifungia nje mwenyewe,
kisha nikazunguka uani
nikakiuliza swali moja fupi, mimi mgeni, bila ufunguo,
na kikanijibu.

Hata mwizi hupigiwa hodi na kuku wanaoshtuka.
Hiki kinasema karibu
kabla mtu hajafika.

Kikanimwagia kila ujumbe ulioingia kwenye laini yake,
jumbe arobaini na moja.
Hakina kioo; nani angezisoma?
Thelathini za kampuni: ofa, ofa, salio lako.
Kumi na moja za mtu mmoja.

*Baba, maji ya Nyando yameingia tena shambani.*
*Baba, Ochola amepita. Hesabu amepata B.*
*Baba, najua namba hii haina mtu. Naandika tu.*

Mwenyewe alizikwa, laini ikalala miezi,
ikaamshwa, ikauzwa, ikatiwa ndani ya sabuni.

Nilipomsomea, Roselida alikaa juu ya gunia la mbolea.
"Kumbe nimekuwa nikiazima sikio la marehemu."

Kiraka hakuna. Nimetafuta.
Waliokiunda wamehamia kingine, chembamba zaidi.
Nikamwambia akitupe; akasema mwisho wa mwezi.
Mwezi umeisha, na wa pili.

Jana nimepita. Vijana wa boda wamenuna.
Neno jipya la siri amelibandika ukutani,
herufi kubwa, wino mwekundu, asije akalisahau.
Kitaa kinakonyeza.
Yeye aliyelia kuchunguliwa
aliniona mlangoni, na kabla sijapiga hodi
akauliza, kwa sauti ya chini,
"Ameandika tena?"