Vidole Vinne

Mabanzi nimeyachukua kiwandani kwa Mhongole,
yale yenye ganda, utomvu bado unanata,
tela moja kwa bei ya kuku wawili
na ahadi.
Nguzo ni za mlingoti, sita.
Nimezipaka miguu kwa oili chafu
niliyoifungua mwenyewe chini ya Pijo:
nyeusi, nzito, ya safari ile ya Ilembula
tulipokwenda na mama
tukarudi na kitenge chake.
Mchwa na waonje hiyo kwanza.

Watu wa Mafinga hupita njia ya nyuma.
Kamwene, wanasema, banda la ng'ombe?
Kamwene. La gari.
Wanatazama pale chini ya mpichisi uliopukutika,
Pijo 404 juu ya matofali,
rangi ya maziwa yaliyolala,
kuku katagia kiti cha dereva.
Haya, wanasema,
kwa sauti ya kumpa mtu pole
kabla hajaambiwa anaumwa nini.

Miaka kumi na tisa halijasogea.
Halikuweza kwenda bandani,
basi banda likalifuata.

Fundi Lutengano hatumii futi.
Ana kamba ya katani yenye mafundo,
fundo hadi fundo ni unyayo wa baba yake,
na baba yake, anasema, hakupata viatu vya kumtosha.
Gari tulilipima saa saba, jua limewaka,
kamba kavu, inakwaruza viganja.
Nafasi ya mlango tukaipima jioni
ukungu umeshashuka kutoka kwenye misindano
mpaka hatuonani, tunaitana tu:
Umeshika?
Nimeshika.
Umeshika nini?

Editruda alitaka jiko jipya.
Sikumjibu. Nikamtobolea dirisha,
dirisha moja la banda litazame jikoni kwake,
nikiwa chini ya gari aione miguu yangu,
aamue mwenyewe kama chai inanihusu.

Mabati ni ya kanisa lililobomolewa, kumi na moja,
yana matundu ya misumari ya watu wengine.
Tumeyaziba kwa lami na vipande vya ndala.
Usiku manyunyu yakatuonyesha tuliyoyasahau:
tone kwenye bonneti, kimya,
tone kwenye bonneti.

Siku ya sita ndipo tukaujua mlango.
Umepungua vidole vinne.
Lutengano akaigeuza kamba yake mkononi
kama anayemkagua mtoto aliyepigana shule.
Ililowa, akasema. Kamba ikilowa huwa bahili.
Kisha akacheka: Lakini gari si limo ndani?
Halitembei. Vidole vinne vya nini?
Twende zetu tukanywe ulanzi.

Nikaenda. Nikanywa.
Nikamlipa fedha yake yote, na ya mkaa juu.

Usiku ule baridi ya Julai ilinifuata hadi kitandani.
Nikachukua tochi.
Nikamwomba kuku radhi, nikakaa mahali pake,
kiti kina joto lake.
Gia bado inaingia. Ya kwanza, ya pili,
ya tatu ina lile gugumizi.
Mbele yangu, kwenye kioo, nguzo mbili
na kati yake giza la Mafinga,
halitoshi.

Alfajiri nikauchukua mtaimbo.
Udongo ulikuwa bado haujashikamana na nguzo,
ulitoka vizuri, mweusi wa oili.
Dirisha la jikoni likafunguka.
Unabomoa?
Nasogeza.
Akanitazama kwa muda, akalifunga,
nikasikia sufuria ikiwekwa mafigani.

Lutengano alikuja saa tatu, macho mekundu,
hakuuliza kitu.
Akavua koti, akaikumbatia nguzo.
Umeshika?
Nimeshika.
Tukapima kwa vidole, vyake na vyangu,
na cha tano tukaongeza
kwa ajili ya vioo vya pembeni.

Sasa nasubiri karbureta kutoka Njombe,
imewekwa kwenye basi la Alhamisi, wanasema,
ndani ya kopo la rangi.
Kuku amehamia kwenye buti.
Spana namba kumi na nne
sijaiona tangu jana.