Uzito wa Lori Tupu

Kazi yangu mimi ni kupima.
Lori linapanda mizani na shehena ya viazisukari,
naandika namba. Linakwenda kumwaga, linarudi tupu,
naandika namba ya pili. Natoa.
Yanayobaki ndiyo mavuno.
Miaka kumi na tisa sasa, kila Oktoba,
ndani ya kibanda chenye hita inayonuka vumbi,
hapa Dakota Kaskazini, ambako upepo haupigi hodi.

Jana usiku Ragna alikuja na chupa ya chai
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Baba, nisaidie kupima."

Vyuo tisa, rangi tatu.
Vyekundu ni vya kubahatisha: wanaomba mia, wanaingia kumi na sita,
na hao kumi na sita, yaelekea, walizaliwa wakipiga fidla.
Vya njano ni saizi yake, alama zake na zao zinatazamana usoni.
Vya kijani ni akiba:
usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwalimu Brekke, mshauri wao shuleni, kawaambia
chuo cha akiba usichoweza kukipenda si akiba,
ni adhabu uliyojiandikia kwa mkono wako.
Nilimpenda kwa neno hilo,
ingawa betri ya gari niliyomwazima hajairudisha.

Mimi nililelewa kwa methali moja:
mshika mawili, moja humponyoka.
Mtoto kashika tisa,
na kila kimoja kinadai dola hamsini, sitini, themanini,
kabla hakijajua hata jina lake linavyotamkwa.

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti.
Ada, bweni, kitabu cha kemia kwa bei ya ndama.
Kimoja cha kijani kikageuka chekundu tukikiangalia:
alama zake zilitosha,
mfuko wangu ndio ulioanguka mtihani.
Na kimoja chekundu, chenye ruzuku nono,
kikashuka bei kuliko cha hapo jirani.
Sikuamini. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Honi. Nikatoka kumpima Dag Tveit,
akanisimulia goti lake, nikamsikiliza,
niliporudi nikaisoma karatasi upya
nikaona kilichojificha nyuma ya rangi:
vyote tisa viko ndani ya saa tano kwa gari.
Hakuna hata kimoja cha saa ya sita.

"Na bahari?" nikauliza.
Tangu darasa la tatu huyu anachora samaki wenye taa vichwani,
wa kule chini ambako jua halijawahi kufika,
nasi hapa hata chumvi tunanunua dukani.
"Mbali," akasema, akiitazama hita.
"Halafu nani atakuletea chai?"

Basi.
Mama yake alipoondoka, Ragna alikuwa na miaka kumi,
na sikujua kwamba tangu siku ile
kila akipanda mizani
ananipandisha na mimi mgongoni.

Nikamwekea risiti ya Dag mezani.
"Namba hii ya chini ni lori. Chuma, matairi,
Dag na goti lake na mkate wake wa nyama.
Mkulima hatumlipi kwa chuma.
Toa lori, Ragna.
Lori ni mimi."

Hakujibu. Alifuta macho,
akasema ni vumbi la hita, nami nikakubali ni hita.
Kisha akaandika cha kumi, Oregon, ufukweni,
kwa penseli, bila rangi,
kwa kuwa hakujua bado kama ni chekundu au cha njano,
wala mimi sikujua.
Kile cha kijani cha Bemidji alikiacha.
"Hiki si kwa ajili yako," akaniambia, mkali kidogo.
"Wana ziwa. Nimeliona."

Nikampa kadi ya benki.
Akaikunja karatasi mara nne, akaondoka na gari,
taa zake nyekundu zikapita juu ya mizani
na sindano, kwa mazoea yake, ikaruka,
ikasoma kitu, ikarudi sifuri.
Sikuandika.

Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa hivyo hivyo.