Jaribu Tena

Nilirekodi sauti hiyo Vuga, ghorofa ya pili,
chumba kimesimamishwa magodoro ukutani
ili nje isiingie: majogoo, adhana, honda.
Siku tatu. Karatasi mkononi,
na Shaame fundi nyuma ya kioo
akinyoosha kidole: sema.
"Vizuri sana!" Mara sitini.
"Jaribu tena." Mara mia na kumi na mbili,
kwa furaha, kwa upole, kama unayemwamsha mgonjwa.
Tena, dada Raya, lakini usisikike umechoka.
Na usiseme *nti*. Sema *mti*.
Mti, nikasema. Mti. Mti.
Midomo ikagongana kwenye ile *m*
kama mlango wa nyumba ya watu.

Nikalipwa. Nikamnunulia mama tangi la maji.
Nikasahau.

Mwaka uliofuata, Konde, karafuu zimeshika,
nimeketi uani nachambua,
karafuu huku, makonyo huku,
nasikia mtu ndani anasema:
"Gusa herufi inayoanza neno... mbuzi."
Nikasimama na chembe mkononi.
Nilikuwa uani, na nilikuwa sebuleni.

Mkasi, mtoto wa kaka, miaka sita, pengo mbele,
amelala kifudifudi mkekani,
kishikwambi cha skuli kimeegemea gunia la mchele.
Kuku watano wanaingia bandani, wawili wanatoka.
Wamebaki wangapi?
Anagusa nne.
"Jaribu tena," nasema mle ndani.
Anagusa sita.
"Jaribu tena."
Anagusa moja, hata hatazami,
pengo lote liko nje kwa kicheko.

"We Mkasi, hujui tano kutoa mbili?"
"Najua. Tatu."
"Sasa?"
"Nikipatia, anasema mara moja tu, kuku wanakwenda zao.
Nikikosa ananambia tena, na tena. Na hakasiriki."

"Yule ni mimi," nikamwambia.
Akanipima kutoka ushungi mpaka visigino.
"Muongo, shangazi. Yule hana kelele."
Faki, babake, akacheka mlangoni hadi akapaliwa.

Mimi sikucheka.
Asubuhi ile ile, kabla ya chai,
alikuwa amechanganya makonyo na karafuu,
pishi nzima, kazi ya jana yote,
na nilichomwambia
hakikuwamo kwenye karatasi ya Vuga.

Nikachuchumaa. Nikajaribu kuisema.
Ikatoka kavu, na amri ndani yake.
"Siyo hivyo," akasema Mkasi.
Nikairudia. Ikatoka ya kujipendekeza,
kama muuza sabuni.
"Siyo. Jaribu tena."
Akaisema yeye, sawasawa kabisa,
pumzi yangu mle mle nilipoivuta,
sauti niliyoiuza na sikubaki na akiba.

Chaji ikaisha. Umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Kuku wakazimika bandani, wote, hesabu na hesabu yao.
Akanifuata uani, akakaa ukingoni mwa jamvi,
na bila kuambiwa akaanza kupanga makonyo:
moja wima, moja mshazari, moja wima.
Akainua uso kuona kama namtazama.
Kisha msalaba mdogo usio na kichwa.
Kisha konyo moja refu,
na juu yake, kwa uangalifu wa sonara,
chembe ya karafuu.

N. T. I.

Mle ndani ningejua la kusema.
Limo tayari, mara mia na kumi na mbili,
na samaki wa rangi ya chungwa asingeruka.
Nikautazama mkarafuu uliotuinamia,
ngazi ya Faki bado imeuegemea,
mama alikuwa akiuitaje, na mamake,
na mimi mwenyewe kabla ya kile kioo.

"Soma, shangazi."

"Nti," nikasoma.

Akasubiri kidogo.

"Vizuri sana," nikaongeza, kwa sauti ya nyumbani,
imekwaruza kidogo,
na akanitazama kama anayeanza kuniamini.